Mashine ya boti imegoma kuwaka: isikilize plagi kabla hujagusa kabureta

Upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza pale mzee mmoja, nahodha wa Kilindoni, Mafia, aliponipigia simu alfajiri. Boti yake iliwaka vizuri ufukweni, ikaenda kama mita mia tatu, ikafifia, ikazima. Vijana wake wawili walivuta kamba kwa zamu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilipofika na mtumbwi nikakuta kabureta imeshafunguliwa, vipande vimepangwa juu ya gunia kwenye tezi, nyuma ya chombo, na sindano ya floti, kile kisindano cha kufungua na kufunga petroli, imedondokea ngamani, kwenye maji meusi ya damu ya samaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kabureta imeziba hii."

"Umejuaje kama imeziba?"

"Sasa ingekuwa nini?"

Nikashika kifuniko cha tenki. Kile kiskrubu kidogo cha juu, cha kupitishia hewa, kilikuwa kimefungwa ndi. Mashine ilinyonya petroli, tenki halikupata hewa ya kujaza nafasi, mafuta yakagoma kupanda. Dawa yake ni kugeuza vidole viwili. Lakini kwa kuwa kabureta ilikuwa imeshatawanywa, tulishinda mpaka saa tano tukichota maji ya ngamani kwa kopo na kuyachuja kwa kanga, tukisaka kisindano kifupi kuliko njiti ya kiberiti. Sumaku yangu haikufaa kitu. Shaba haishikwi na sumaku.

Tangu siku hiyo kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwekea sharti moja: kabureta haifunguliwi mpaka plagi, ile ya kutoa cheche, imesema. Mwongozo huu unafuata sharti hilo. Nimeuandika kwa ajili ya mashine zilizojaa pwani yetu, za nguvu farasi 15, 25 na 40, za kuvuta kwa kamba, zile za kuchanganya oili ndani ya petroli. Mwenye mashine ya kisasa isiyochanganywa oili anaweza kufuata hatua za mwanzo tu, kisha amwite fundi mwenye vifaa vyake.

Kabla ya kushika spana

Kama uko majini, tia nanga kwanza. Watu wengi huanza kuvuta kamba huku chombo kinachukuliwa na mkondo, na wakati wa bamvu, yaani maji makubwa, bahari ya huku kwetu hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, kwa hiyo maji yanakimbia kwelikweli. Ukija kuinua kichwa uko juu ya mwamba. Kama nanga haifiki chini, tupa hata ndoo iliyofungwa kamba upande wa omo, yaani mbele, ielekeze chombo kwenye mawimbi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Mpigie mtu wa nchi kavu umweleze uko wapi ungali na chaji. Mwenye redio ya baharini aiweke chaneli 16, ya kuitia msaada.

Zima sigara. Funua boma la mashine, ule mfuniko wa juu, uache mvuke wa petroli utoke kwa dakika moja au mbili kabla ya kufanya lolote. Na kama chombo kiko nchi kavu, usiwashe mashine ikiwa haina maji. Ile impela ya kupandisha maji ya kupooza ni ya mpira, inaungua upesi sana ikizunguka pakavu. Tumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, maji yafike juu ya matundu ya kuvutia.

Hatua ya kwanza: mambo ya aibu

Nayaita ya aibu kwa sababu fundi akikuta ni mojawapo ya haya, wewe unaona haya na yeye anaona haya kukudai pesa. Mimi nadai nauli tu.

Anza na klipu ya kamba ya usalama, ile kamba nyekundu inayofungwa kiganjani au kwenye mshipi wa nahodha. Klipu ikiwa imechomoka au imekaa upande, plagi hazitoi moto hata uvute mpaka jioni. Watoto wanaipenda kuchezea. Wengine huipoteza wakachomeka kijiti au fundo la kamba ya nailoni mahali pake, na kijiti kikilowa kinateleza. Nunua ya akiba uining'inize ndani ya boti.

Gia iwe frii. Mashine nyingi za kamba zina kizuizi kinachokataza kamba kuvutika gia ikiwa imeingia. Kwa hiyo kamba ikigoma kabisa, usidhani mashine imeshika. Tikisa kwanza mkono wa gia, uupeleke mbele na nyuma, kisha uurudishe katikati.

Skrubu ya hewa ya tenki, umeshasikia habari yake.

Mpira wa mafuta una kiungio kila upande. Kibonyeze mpaka kilie. Ndani yake kuna ringi ndogo ya mpira, na ikipasuka mashine inanyonya hewa badala ya petroli. Tazama pia kama hakuna mtu aliyekalia mpira, au kasha la barafu halijawekwa juu yake. Unacheka, lakini nimeliona kasha hilo mara tatu.

Halafu pampu ya mkono, lile yai la mpira katikati ya mpira wa mafuta. Lina mshale, mshale uelekee kwenye mashine. Lishike lisimame, mshale ukitazama juu, ulibinye mpaka liwe gumu. Yai hili lina habari nyingi:

- Likibaki laini hata ulibinye mara 20, kuna mahali hewa inaingia, au tenki ni tupu, au vali za ndani ya yai zimekufa.
- Likibinywa likabaki bapa bila kurudi, tenki halipati hewa au chujio la ndani ya tenki limeziba.
- Likiwa gumu, petroli imefika kwenye kabureta. Weka hilo akilini, tutalihitaji.
- Likikataa kabisa kuwa gumu na petroli inachuruzika chini ya kabureta, sindano ya floti imekwama wazi. Gonga bakuli la kabureta polepole kwa mpini wa bisibisi, mara nyingi inajirudi.

Hatua ya pili: vuta kwa hesabu

Mashine baridi: vuta choki nje, kile kishikio cha kupunguza hewa, mkono wa mafuta kwenye alama ya kuanzia, vuta. Vuta kamba taratibu kwanza mpaka uisikie imeshika meno, kisha uivute kwa nguvu, moja kwa moja, na uirudishe kwa mkono. Ukiiachia ijirudie yenyewe unaua springi ya staata, kile kisanduku cha kamba. Ikitoa sauti ya kukohoa, rudisha choki ndani, vuta tena. Kwa joto letu la pwani choki inahitajika mvuto mmoja au miwili tu, na mashine iliyotoka kuzimwa sasa hivi haiihitaji hata kidogo.

Hesabu. Ukifika mvuto wa 8 na haijawaka, acha. Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika: watu wanaendelea mpaka mara 50, wanabadilishana, wanalaumiana, na mwisho mashine iliyokuwa na tatizo moja inakuwa na mawili, maana sasa imejaa mafuta.

Hatua ya tatu: toa plagi uisome

Chomoa kofia za plagi ukishika kofia yenyewe, usivute waya. Pangusa chumvi na mchanga pembeni ya plagi ili visidondokee ndani ya silinda. Fungua kwa spana ya plagi. Hizi plagi zetu kubwa ni za spana namba 21. Kama mashine ina silinda mbili, toa zote na ukumbuke ipi imetoka juu na ipi chini.

Sasa itazame ncha yake na uinuse.

Ikiwa kavu kabisa haina hata harufu, petroli haifiki ndani. Nenda njia ya mafuta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi: ama moto hakuna, ama umeyazidisha. Nenda njia ya moto. Ikiwa ina matone yanayong'aa yasiyochanganyika na oili, hayo ni maji, na tatizo liko kwenye dumu lako.

Basi. Uchunguzi wote ni huo, na unachukua dakika tano. Mzee wangu wa Kilindoni angefanya hivyo angekuta plagi kavu, angebinya yai akaliona bapa, angeenda moja kwa moja kwenye tenki.

Rangi nayo ina maana yake. Plagi ya mashine yenye afya ni ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea. Nyeusi yenye mafuta mazito: oili imezidi au unasahau choki nje. Nyeupe kama mfupa: mashine inaungua kwa mafuta kuwa kidogo. Ukiona vijitone vidogo vya rangi ya fedha vimeganda kwenye ncha, hiyo ni pistoni inayeyuka. Usiiwashe tena, hata kama inawaka.

Plagi ni kavu: ifuate petroli

Fuata njia kuanzia tenki kwenda kabureta, wala si kinyume chake. Yai gumu? Kama hapana, rudi kwenye tenki na mpira. Chomoa upande wa mashine, bonyeza kile kipini cha kiungio kwa bisibisi juu ya kopo, binya yai. Petroli inatakiwa iruke kwa nguvu. Isiporuka, tatizo liko nyuma ya hapo na mashine haina kosa.

Ikiruka vizuri, tazama kikombe kidogo cha chujio kwenye mashine yenyewe. Kinafunguka kwa mkono. Ukikuta takataka au maji, mwaga, safisha kwa petroli safi, rudisha na ringi yake.

Yai gumu, chujio safi, plagi bado kavu: sasa, na sasa tu, kabureta ina kesi ya kujibu. Hata hivyo usiifungue yote. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Weka kopo, ifungue. Petroli ikitoka, bakuli linajaa na kilichoziba ni jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli. Isipotoka, sindano ya floti imekwama imefunga, kwa hiyo gonga bakuli kama nilivyosema juu, ubinye yai tena.

Jeti huziba kwa sababu petroli iliyokaa wiki nyingi ndani ya kabureta hukauka ikaacha utomvu unaonata kama gundi ya embe. Ukilazimika kuitoa, fanya hivyo nchi kavu, juu ya sinia jeupe au kitambaa cheupe. Puliza kwa pampu ya baiskeli, loweka kwenye petroli, pitisha uzi mmoja wa waya wa shaba uliouchomoa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya kushonea wala waya wa chuma. Tundu la jeti limepimwa. Ukilikwangua likapanuka, mashine itakunywa mafuta maisha yake yote.

Plagi imelowa: tafuta moto

Kwanza chukulia kwamba umezidisha mafuta, kwa kuwa ndilo la kawaida na ndilo rahisi. Plagi zikiwa nje, chomoa klipu ya usalama, kofia za plagi zikae zimegusa chuma cha mashine, ziba matundu ya plagi kwa kitambaa kisichobana, vuta kamba mara 6 au 8. Utaona ukungu wa petroli unalowesha kitambaa. Kaa pembeni, usiweke uso mbele ya matundu. Pangusa plagi, ziache zikauke upeponi kwa dakika kumi, zirudishe, rudisha klipu, uvute bila choki.

Wapo wanaochoma plagi kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu. Najua inawaka baada ya hapo. Lakini kaure ile nyeupe inapata ufa usiouona, na ufa huo utakudai siku ya mawimbi. Brashi ya waya na kitambaa kikavu vinatosha.

Ikikataa, pima moto. Hapa tafadhali soma polepole. Kausha kwanza petroli yote iliyomwagika, sogeza tenki mbali, ziba matundu ya silinda kwa kitambaa. Chomeka plagi kwenye kofia yake, lalisha kichuma cha plagi kwenye chuma tupu cha mashine, mbali na matundu, uishikilie kwa koleo yenye mpini wa plastiki. Usiishike kwa mkono mtupu. Umeme wa mashine hizi ni mkali mno. Plagi ya pili nayo igusishwe chuma, kwa maana kuvuta kamba huku waya wa plagi unaning'inia hewani kunaweza kuua CDI, kile kisanduku cheusi cha kuamuru moto. Rudisha klipu, mwenzako avute. Fanya kivulini, au jikingeni jua kwa koti, maana kwenye jua la saa sita cheche haionekani.

Cheche ya buluu inayolia "tak" ni nzima. Ya njano iliyolegea ni mgonjwa.

Moja inatoa, nyingine haitoi: badilishana plagi. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, tazama kofia na waya; kofia za huku zinaliwa na chumvi kwa ndani, unaivuta unakuta unga wa kijani. Kata waya nusu sentimita, skrubu kofia upya. Bado? Ni koili, ile ya kukuza umeme wa plagi.

Zote mbili hazitoi: mara chache sana plagi mbili hufa saa ileile. Kitu kimoja kinachozizima zote ni waya wa kuzimia mashine, unaotoka kwenye kitufe na klipu. Chumvi ikiingia ndani ya kitufe, kinabaki kama kimebonyezwa. Fuata waya huo mpaka kwenye CDI, uchomoe kiungio chake, ufunge ncha kwa tepu usiguse chuma, upime tena. Moto ukija, umempata mwizi. Unaweza kurudi nyumbani hivyo, lakini ujue kwamba sasa kitufe hakizimi na kamba ya usalama haifanyi kazi. Utaizima kwa kuchomoa mpira wa mafuta au kuvuta choki, na nahodha akianguka baharini boti haitamsubiri. Kwa hiyo nenda polepole, na usiende tena kesho bila kitufe kipya.

Moto usipokuja hata hivyo, safisha waya wa ardhi unaofungwa kwenye mwili wa mashine. Baada ya hapo ni kazi ya fundi mwenye mita.

Kuhusu kununua plagi: tazama kitabu cha mashine, si plagi uliyoikuta, kwa sababu aliyekutangulia huenda aliweka ya pikipiki. Yamaha nyingi za 15 za kuchanganya oili zinatumia NGK B7HS-10. Ile 10 ya mwisho ina maana ya pengo la milimita 1, na ile 7 ni kiasi cha joto. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Ifunge kwa vidole mpaka ikae, kisha spana nusu mzunguko kama ni mpya. Ya zamani inataka kidogo kuliko hapo. Kichwa cha silinda ni alumini, ukikivunja meno kwa ubabe umenunua kesi nyingine.

Mafuta yenyewe

Plagi ikiwa na maji, au mashine inawaka inakata inawaka inakata, chota petroli ya chini ya tenki uitie kwenye chupa tupu inayoonekana ndani, uiache dakika tano. Petroli ni nyepesi, itaelea. Maji yatakaa chini na mstari utauona wazi. Madumu yetu yanakaa wazi mvuani, yanarushiwa maji ya chumvi, halafu tunashangaa. Petroli ya juu inafaa, ihamishe taratibu kwa mpira. Ya chini mwaga kwenye dumu la takataka, si baharini. Mwaga pia bakuli la kabureta na kikombe cha chujio.

Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hupimwa kabla ya kutia oili. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha kitu. Yenye mafuta ya taa huacha duara la mafuta. Ndiyo, zipo mashine zilizotengenezwa kwa mafuta ya taa, lakini hata hizo zinawashwa kwa petroli kwanza. Yako siyo hiyo.

Oili: mashine nyingi hizi zinataka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli. Dumu la lita 20 ni mililita 400, tenki la lita 25 ni mililita 500, yaani chupa ya maji ya nusu lita ikiwa imejaa. Mashine mpya kabisa huzidishiwa kwa saa za mwanzo, kitabu chake kitasema. Tumia oili yenye alama TC-W3, ya mashine za majini. Ya pikipiki haikukusudiwa kwa mashine inayopozwa kwa maji ya bahari. Changanya oili na lita chache kwanza, tikisa, kisha jaza. Na tenki lililolala usiku kucha litikise kabla ya kuwasha.

Inawaka halafu inakata

Mwambie mtu aendelee kubinya yai wakati mashine inawaka. Ikiendelea kuishi kwa kubinywa, ama pampu ya mafuta ya kwenye mashine imechoka, kile kiwambo chake cha ndani kimetoboka, ama kuna hewa inaingia kwenye mpira. Mnaweza kufika pwani hivyohivyo, kijana mmoja amekaa na yai mkononi. Nimewahi kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni kwa staili hiyo. Mkono uliuma siku mbili.

Mafuta yapo, moto upo, na bado

Toa plagi zote, chomoa klipu, bana kidole gumba kwenye tundu la silinda moja, mwenzako avute. Pumzi inatakiwa ikisukume kidole kwa nguvu, usiweze kukizuia. Linganisha na silinda ya pili. Moja ikiwa legelege, ringi zimekwama au gasketi imepasuka. Hapo hakuna ujanja wa majini, piga kasia au omba kuvutwa.

Na kama flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, haizunguki hata kwa mikono miwili, gia ikiwa frii na plagi zikiwa nje, usilazimishe.

Kamba imekatika

Fungua boliti za staata, uiondoe nzima. Utaiona flaiwili, na kwenye ukingo wake kuna mkato. Funga fundo kwenye ncha ya kamba imara, ingiza fundo kwenye mkato, zungusha kamba raundi moja au mbili kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, na ncha ya pili ifunge kwenye kipande cha mti upate pa kushika. Hakikisha mara mbili kwamba gia iko frii, kwa sababu kile kizuizi cha gia umekiondoa pamoja na staata. Ikiwaka ikiwa ndani ya gia, chombo kitaruka na wewe utabaki nyuma yake. Vua kikoi kinachoning'inia, mwenye nywele ndefu azifunge, na aliye nyuma yako asogee, kwani kamba ikitoka inapiga kama mjeledi. Ikishawaka usirudishe staata wala kugusa kitu kinachozunguka.

Mashine imezama

Saa zinahesabiwa. Chumvi haikiumizi chuma sana kikiwa chini ya maji kama inavyokiumiza kikishatoka hewani. Osha mashine yote kwa maji baridi ya kisima, toa plagi, ilaze matundu yakitazama chini, vuta kamba polepole maji yatoke. Mwaga kabureta. Tia oili kidogo kwenye kila silinda, zungusha, weka plagi kavu na mafuta mapya, iwashe siku hiyohiyo na uiache inguruma kwenye pipa kwa nusu saa. Lakini kama ilizama ikiwa inawaka, zungusha kwa mkono kwanza. Ukihisi inakwama sehemu moja, mkono wa pistoni umepinda, iache.

Ikishawaka

Rudisha choki. Tazama nyuma kama inakojoa: ule uzi wa maji unaotoka pembeni ya mashine. Usipoonekana ndani ya nusu dakika, zima, chokonoa tundu lake kwa waya laini. Bado, ni impela. Ikikojoa vizuri, iache ipate moto kabla ya kuingiza gia, funga boma, ng'oa nanga.

Kwenye boti yangu nina kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na ndani yake: plagi mbili mpya zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni, spana namba 21, bisibisi, koleo, brashi ya waya, klipu ya usalama ya akiba, ringi za kiungio cha mafuta, mita mbili za kamba yenye fundo tayari, tepu, na chupa tupu ya kupimia petroli. Mzee wa Kilindoni naye ana kopo lake sasa, na kifuniko cha tenki lake amekipiga rangi nyekundu upande wa ile skrubu.